Kinyozi na Dubu Muuza Kofia

Kila asubuhi, kabla maktaba haijafunguliwa, dada wa meza ya watoto alikuwa na wakati wake mtamu. Alimimina chai, akavua viatu chini ya meza, akawasha kompyuta na kusoma katuni za mtandaoni. Na hiyo ilikuwa kazi ya mshahara, si uvivu. Wazazi wengi hawakujua watoto wao wanasoma nini kwenye simu, kwa hiyo yeye alitangulia kusoma, kisha akabandika kadi ndogo ubaoni. Kuna damu? Kuna matusi? Inatisha kiasi gani, na anayekosea mwisho wake unakuwaje?

Asubuhi hiyo alikuwa anacheka na kumeza chai kwa pamoja pale mlango wa kioo ulipogongwa kwa fujo. Chai ikapotea njia. Akakohoa mpaka machozi, akatafuta viatu kwa vidole vya miguu, akapata kimoja.

Mlangoni alisimama kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aproni kiunoni, nywele za watu mabegani. Pembeni yake alikuwa binti yake wa miaka kumi, Kidoti, midomo imevutwa mbele kama ya bata.

"Dada Taratibu, fungua. Nina kesi."

Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu ya sauti yake, ambayo ilibidi uinamie ndipo uisikie.

"Shikamoo, Baba Kidoti."

"Marahaba, marahaba. Hii kadi ni yako?" Alimwonyesha picha aliyoipiga ubaoni. *Dubu Muuza Kofia. Hakuna damu wala matusi. Huenda ikafaa. Ni vizuri mzazi asome pamoja na mtoto.*

"Ni yangu."

"Basi tumesoma pamoja. Jana jioni, mimi na huyu, kichwa kwa kichwa. Tangu hapo hatusemezani."

Dada Taratibu akaitazama tena ile picha. Sentensi ile ya kusoma pamoja aliiandika kwenye kila kadi, hata ya katuni ya konokono anayepanda mchicha, kwa kuwa haikumuudhi mtu yeyote. Hakuwahi kusikia mzazi aliyeifuata.

"Sasa leo uandike haifai," kinyozi akaendelea. "Nikisema mimi ataona namwonea. Ukisema wewe, basi, naifuta kwenye simu yake hapa hapa."

"Tena amesema nisiisome mpaka niolewe," Kidoti akachomeka.

"Sijasema hivyo!"

"Umesema. Na mlango ukaufunga pwaa."

Mtoto akamwangalia Dada Taratibu kama mtu anayemwangalia hakimu. Kwa kawaida dada angesema "tutaangalia" na kuomba simu ya ofisi ilie. Simu ya ofisi ikanyamaza tuli.

"Haifai kwa sababu gani?" akauliza.

"Inadharau wazazi. Huyo dubu, akiwa dukani, anachonga maneno mpaka wateja wanasahau kununua kofia. Akifika nyumbani kala jiwe! 'Umekula? Umeoga? Kalale.' Imetoka hiyo. Na mwanawe anamwiga mbele ya wenzake, wanacheka mpaka wanashika mbavu."

"Na mimi nikacheka," Kidoti akasema. "Nikamwambia, baba, si ni wewe huyu!"

"Umesikia? Umesikia mwenyewe?"

Dada Taratibu akaibana midomo kwa nguvu zote. Akawakaribisha kwenye meza ya watoto. Kinyozi akakaa kwenye kiti kidogo chekundu, magoti yakamkaribia kidevu.

"Naomba simu ya Kidoti," dada akasema. "Ile kompyuta yangu inazuia matangazo. Nataka nione anachokiona yeye."

Mwisho wa sura ya kwanza tu, chini ya picha, likachomoza gurudumu la dhahabu linalozunguka: *Zungusha ushinde!* Lilikuwa tangazo la kamari, na chini yake maoni ya watu wazima wasiochunga ndimi. Masikio yakamwaka moto. Hilo hakuliandika kwenye kadi.

"Si nilisema haifai!" kinyozi akapiga meza.

"Tangazo halifai. Maoni nayo hayafai. Hebu tazama, unabonyeza hapa, na hapa, vinafungwa vyote viwili. Nitalirekebisha hilo kwenye kadi. Lakini dubu ana kesi yake."

Wakasoma tena sura ya jana. Kinyozi alianza kwa kununa, lakini mtu wa saluni ni mtu wa saluni. Kufikia ukurasa wa pili alikuwa akimsemea dubu kwa sauti nzito, akiuza kofia kwa mteja mwenye pembe. Kidoti akasahau kuvuta midomo. Kisha wakafika pale dubu anaposimama mlangoni kwa mwanawe, sahani ya matunda mkononi, na juu ya kichwa chake kiputo cha maneno kisicho na neno hata moja.

"Hapa jana mtandao ulikata," kinyozi akasema. "Maneno hayakufika."

"Haukukata, baba. Ndivyo ilivyochorwa. Anayo maneno, hayatoki tu."

Kinyozi akakitazama kile kiputo kwa muda mrefu. Akajipangusa nywele begani, hata palipokuwa safi.

"Andika haifai, dada," akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

Dada Taratibu akajikaza kisabuni.

"Siandiki. Inafaa. Kwa mtoto wa rika lake inafaa kabisa, na ile 'huenda' naifuta leo. Kidoti hakucheka kwa kukudharau, Baba Kidoti. Alicheka kwa kuwa amekutambua. Na wewe sidhani kama umeikasirikia katuni."

Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Mzee aliyekuwa ameshaingia kusoma gazeti akageuka kumtazama. Dada akatamani kujificha nyuma ya konokono na mchicha wake.

Kinyozi hakufoka. Alimrudishia binti yake simu, nayo katuni ikiwa bado ndani.

"Kule saluni nasimama nyuma ya mtu," akasema. "Namwona kwenye kioo tu. Maneno yanakuja yenyewe. Wewe unanitazama usoni."

"Kwani nikutazame wapi?" Kidoti akauliza.

Baba mtu akacheka kidogo.

"Kila jioni nataka uniambie siku yako ilikuwaje, mwanangu. Yote, tangu kengele ya asubuhi. Naogopa utanijibu 'poa', halafu nikose la kuongeza. Ndiyo maana nakuuliza mambo ya kuoga."