Kioo cha Kinga

Fundi wa vioo alikuwa na picha elfu mbili na ushee ndani ya kikamera chake cha mfukoni, na katika zote hizo hapakuwa na hata moja yenye uso kamili wa mkewe. Ama shavu limemezwa na duara jeupe, ama ukungu umemtanda kichwa kizima, ama kuna vidoa vya kijani vimejipanga kutoka kwenye paji la uso hadi begani. Mkewe, ambaye alistaafu ukarani wa shule lakini utani hakuustaafu, aliwaonyesha wageni albamu na kuwaambia, "Huyu hapa ni mimi. Mniamini tu."

Miaka yote hiyo lilikuwa jambo la kuchekea. Jumatano ile halikuwa hivyo, maana kesho yake asubuhi mama wa watu alikuwa anakwenda hospitali kutolewa uvimbe chini ya sikio. Juma moja kabla, daktari alikuwa amemweleza bila kumficha kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha uso unapita palepale. Wangeulinda kadiri wawezavyo, lakini ukiguswa, mdomo ungeweza kulegea na kupinda, pengine usirudi tena. Aliporudi nyumbani hakulia. Alisema anataka picha moja tu, safi, anacheka, ili abaki nayo.

"Si uende studio, dada?" akauliza mdogo wake, aliyekuja ili kumsindikiza hospitali kesho yake.

"Studio nitamcheka nani? Ninayemcheka yuko hapa nyumbani."

Basi kazi ikamwangukia fundi, na jamani, ikamwingia mpaka kwenye mifupa. Saa tisa alasiri alishavaa shati la kutokea, mpiga picha mwenyewe, kana kwamba ndiye atakayeonekana. Akamketisha mkewe mbele ya dirisha kubwa la sebuleni, dirisha alilolipachika kwa mikono yake na ambalo kila mgeni lazima alisifie kabla hajapewa chai. Akapiga. Akatazama. Mkewe alikuwa kivuli chenye jua begani.

"Shemeji," akasema mdogo mtu, "jua liko nyuma yake, linaingia moja kwa moja kwenye kamera. Mgeuze huyo, mwanga umpige usoni."

Fundi alimeza hilo kwa shida, kwa kuwa lilikuwa kweli. Kiti kikageuzwa. Vidoa vya kijani vikapungua, lakini taa ya dari ikaacha alama yake katikati ya pua. Akazima taa na kufunga pazia. Sasa chumba kikawa na giza, kamera ikajilazimisha, na picha ikatoka chengachenga tupu.

"Hapo nimetoka nimenyeshewa mchanga," mkewe akasema.

Akafungua pazia nusu. Akaweka kamera juu ya vitabu vinne ili isitikisike, akaiwekea kofia ya karatasi nyeusi kuzuia mwanga wa pembeni, kisha juu ya kofia akaongeza kiganja chake. Alisimama hivyo ameinama, kitako nje, ulimi umebanwa kwenye meno. Dada wawili wakatazamana na kujikaza wasicheke. Chenga ziliisha, alama ya taa iliisha. Lakini shavuni palepale ukungu mweupe ulikuwa umekaa, hauna habari.

Sasa, kuna jambo ambalo nyumba nzima ililijua na hakuna aliyelitaja siku hiyo. Siku aliponunua kamera ile, miaka kumi na moja iliyopita, fundi alikata kiduara cha kioo cha dirisha, milimita tatu, akakigandisha kwa silikoni mbele ya lenzi ili isije ikakwaruzwa. Alikiita kioo cha kinga. Mkewe aliwahi kumwambia, mara moja tu, kwamba pengine kile kioo ndicho kinacholeta balaa. Fundi alinuna siku mbili. Kioo alichokata yeye, tena kwa almasi yake ya kukatia vioo, kilete balaa! Tangu hapo watu waliacha ya kioo wakashika mengine.

Akapiga ya kumi na tisa. Ukungu. Akapiga ya ishirini. Ukungu uleule, shavu lilelile.

"Basi, Fundi," mkewe akasema taratibu. "Umejitahidi. Tuache, nikapange nguo za hospitali."

Hakumtania. Alisema maneno hayo bila kumtupia hata kijembe kimoja, akainuka kitini, na hapo fundi akaogopa kwelikweli, kuliko alivyoogopa kwa daktari. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na mwanamke huyu hajawahi kumwachia kosa lipite hivihivi. Aliona kesho inakuja, na yeye amekaa na kiduara chake cha kioo na heshima yake.

"Kaa," akasema. "Nipe dakika tano."

Akatoka barazani kwenye meza yake ya kazi, akachukua wembe, akaanza kuikata silikoni kidogo kidogo kuzunguka mdomo wa lenzi. Kioo kikabanduka. Akaipangusa lenzi kwa kitambaa laini cha miwani, bila haraka, bila mate, kisha akakiinua kile kiduara juani.

Alikigeuzageuza pale hata shemeji yake akachungulia mlangoni kuona kama amejikata.

Akarudi sebuleni, kamera mkono mmoja, kioo mkono wa pili. Alimnyooshea mkewe kioo kwa aibu. Upande wa ndani, ule ambao haukupata kufutika kwa miaka kumi na moja, palikuwa na alama ya kidole gumba, nene, ya mafuta, mistari yote inasomeka.

"Kidole cha nani hiki?" mkewe akauliza, ingawa alikuwa anajua.

"Changu."

"Kwa hiyo harusi ya mwanetu, ubatizo wa mjukuu, sherehe yangu ya kustaafu, kote huko shavu langu lilikuwa limefunikwa na gumba lako?"

"Gundi ilikuwa inateleza, mke wangu, nikakibana."

Hapo akacheka. Akacheka mpaka akashika kiti, na fundi, kwa mara ya kwanza maishani, akabonyeza kitufe kwa wakati wake.

Picha ilitoka safi ajabu. Kope zilihesabika. Mvi zilionekana moja moja, uvimbe ulionekana, mikunjo ya macho ilionekana. Mke wa fundi aliisogeza karibu, na kicheko kikafifia usoni.

"Mdomo wangu umepinda," akasema. "Tayari umepinda."

Kweli, upande mmoja ulikuwa umepanda juu na wa pili umebaki chini.

"Lakini dada, umepinda hivyo tangu utotoni," mdogo wake akasema. "Sisi tulidhani unajua."

Angejuaje? Mtu akijitazama kwenye kioo hajitanii. Akamgeukia mumewe. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Ukicheka tu na watu, mdomo unakaa sawa. Unapinda ukitania, na unayemtania kila siku ni mimi."

"Miaka yote hii, mbona hukuniambia?"

"Ungeanza kuuchunga," fundi akasema, macho yake kwenye kamera. "Na mimi naupenda. Ukiuchunga, ningejuaje kama unanitania au umekasirika?"

Mkewe akaitazama picha tena. Kitu alichokiogopa juma zima, mpaka usingizi ukamruka, alikuwa nacho usoni tangu hajui kusoma, na kulikuwa na mtu aliyekuwa akikingoja kila siku. Machozi yakamlenga, akayafuta kwa kiganja.

"Kwa hiyo kesho wakinipinda zaidi," akasema, "utafikiri nakutania mchana kutwa."

"Si ndivyo unavyofanya?" fundi akajibu.