Ufunguo wa Mashine

Mashine ya kukandia unga ilikuwa imeshakula mkono wa mtu mmoja, na wafanyakazi wote wa kiwanda kile cha mikate waliamini bado ina njaa. Ndiyo maana walijiwekea desturi: anayeingiza mkono kutoa unga uliokwama huchomoa kwanza ufunguo wa umeme, akamkabidhi mtu anayemwamini. Meneja hakuijua desturi hiyo, wala hakuna aliyejisumbua kumwambia.

Shangazi, ambaye hakuwa shangazi wa mtu pale, hakuwahi kupewa ufunguo. Alifagia, akapaka trei mafuta. Kilichomuuma zaidi ni ukuta wa mbele, zilikotundikwa picha za wafanyakazi bora. Kila akipita aliutupia jicho la husuda, kisha akajisuta: mtu mzima ovyo.

Asubuhi moja meneja alimwambia zamu yake ya kupigwa picha imefika, mpiga picha yuko njiani pamoja na wageni. Shangazi akafunga kilemba kipya.

Ndipo mashine ikakwama. Ilikoroma, ikanyamaza. Fundi, mtu asiyejua kusifu hata mapishi ya mkewe, alikunja shati hadi begani, akachomoa ufunguo. Akawapita wawili wenye picha ukutani, akauweka kiganjani mwa Shangazi.

"Dada yangu, usiondoke."

Akainama nyuma ya pipa la chuma la mashine, asionekane kutoka mlangoni, mkono ukazama hadi kwapani.

Meneja akaingia na wageni wake. Alimwita Shangazi mbele, Shangazi akatikisa kichwa. Meneja akamwita tena, kwa ukali sasa, akisema bahati haiji mara mbili. Shangazi aliubana ufunguo kiganjani. Aliitaka picha ile, jamani, aliitaka sana. Ngumi yake haikufunguka.

Ili kuficha aibu, meneja akasema basi wageni waione mashine ikizunguka. Kabla mtu hajafumbua mdomo, akabonyeza swichi.

Swichi ililia, ta! Hakuna kilichozunguka.

Fundi aliisikia. Hakuuchomoa mkono, aliendelea kubandua unga taratibu, mgongo umelowa jasho.

Picha alipigwa mpakia mikate. Shangazi hakumsimulia mtu, hata nyumbani. Mashine ilipokwama tena, Fundi alichomoa ufunguo, akaunyoosha nyuma yake bila kugeuza shingo, akijua ni mkono wa nani utakaoupokea.