Miaka Minne Iliyofutwa

Siku ya tangazo, Bi Meng alikuwa uani akimimina uji mzito wa mtama juu ya kikaango cha moto na kuusambaza kwa kibao mpaka ukawa chapati nyembamba, kama alivyofanya kila asubuhi tangu aolewe. Mzee Ding, mjumbe wa nyumba kumi, alisimama mlangoni akasoma karatasi. Baba mdogo wa mfalme alikuwa amemshinda mfalme kijana, mtoto wa kaka yake, baada ya miaka minne ya vita, na sasa mfalme ni yeye. Miaka minne ya yule kijana imefutwa. Haikuwapo. Ihesabiwe kwamba babu mtu, aliyekwisha kuzikwa, ndiye aliyetawala muda wote huo.

"Yaani marehemu?" Bi Meng akauliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Haya."

Akageuza chapati. Jimbo zima la Shandong lilikuwa limechomwa moto, visima vilinuka maiti, na katika nyumba kumi za Mzee Ding tano hazikuwa na paa. Yote hayo kwa sababu watu wa ukoo mmoja waligombea kiti. Halafu wanakuja kusema haikuwapo! Watu hawa hawana haya hata chembe.

Adhuhuri mwanawe Shouyi akaingia. Alikuwa ameuawa kwa mkuki mwaka wa pili wa ile miaka minne, akipigana upande wa mfalme kijana, na kwa kuwa mwaka huo haukuwapo tena, hakuwa na mahali pa kuendelea kuwa maiti. Alivua viatu mlangoni.

"Umekonda," mama yake akasema.

"Njaa, mama."

Alikula chapati saba na vitunguu vya majani. Maji aliyokunywa yalimtoka kifuani kwenye tundu la mkuki yakalowesha mkeka. Bi Meng aliliziba kwa pamba, akalifunga kitambaa, akamkemea anywe polepole. Kisha akaingia jikoni akalia kwa furaha mpaka akashikwa na kwikwi.

Kijijini walirudi kumi na tisa. Mke wa mwashi, aliyekuwa ameolewa tena, akaanza kupikia waume wawili, na waume wenyewe wakasaidiana kuezeka. Shouyi alivuna mtama, akafukua kisima, akalala usingizi wa pono. Bi Meng alikwishaanza kuulizia mchumba kijiji cha pili. Tundu hakulificha, alisema tu kwamba kijana anataka pamba mpya kila baada ya siku mbili.

Siku ya kumi na tatu akaja karani wa wilaya na daftari la nyumba za askari. Nyumba ya Bi Meng ilikuwa mojawapo: kizazi kwa kizazi ilidaiwa mwanamume mmoja jeshini, na ilikuwa imeachiliwa tu kwa sababu mwanamume wake wa mwisho alikufa.

"Alikufa lini?" karani akauliza.

Bi Meng akataja mwaka.

"Mama, mwaka huo haupo. Kwa hiyo hakufa. Na kama hakufa, ametoroka jeshini miaka miwili."

"Ametoroka? Njoo hapa!" Bi Meng akavuta kitambaa na pamba. Mwanga wa jua ulipita kifuani mwa Shouyi ukaangukia ukutani nyuma yake. "Hili ni nini, bwana karani? Kaumwa na mbu?"

Karani alichungulia. Alikuwa mtu mpole.

"Ni tundu. Lakini jeraha lazima liwe na vita vyake, na vita hivyo havimo daftarini. Siwezi kuandika jeraha lililotoka hewani."

"Waliomchoma ni hao hao wanaomtaka!"

"Mama, punguza sauti," Mzee Ding akasihi.

"Sipunguzi! Nilipunguza mara ya kwanza wakaniletea maiti yake imelazwa juu ya mlango uliong'olewa kwa watu! Mwanangu si ndoo, mtu anaitoboa kisha anaitaka akachotee maji!"

Karani akangoja amalize. Shouyi alichapwa fimbo arobaini za utoro pale uani, na kila fimbo ilitoa vumbi kama mkeka unaokung'utwa. Hakulia. Mama yake alilia kwa niaba yake, kwa hasira, akiwatukana wafalme wote wawili na babu yao kwa majina yao ya utotoni. Mzee Ding akaziba masikio ili baadaye aweze kuapa kwamba hakusikia.

Wale kumi na tisa walipangwa barabarani. Akida aliyekuja kuwapokea alisimama mbele ya Shouyi, akaingiza vidole viwili kwenye tundu, akavizungusha.

"Huyu namjua," akasema. "Nilimchoma mimi mwenyewe. Alisimama na mkuki kifuani muda mrefu kabla hajaanguka. Mwekeni mstari wa mbele."

Shouyi akasogea mbele. Bi Meng alimfunga kitambaa upya, akakaza fundo mara mbili, akamwambia ale kila anapopata nafasi.

"Nitakula, mama."

Wakaondoka. Karani alikuwa akikunja daftari lake Bi Meng alipomshika mkono wa joho.

"Akifa tena, nitapewa hati ya kifo?"

"Utapewa. Yenye tarehe."

"Tarehe ya mwaka wa nani?"

"Wa mfalme huyu."

"Na huyu naye ana watoto wa kaka wangapi wa kuja kuufuta?"

Karani aliangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "nenda nyumbani."