Ile Miche Iliyonyauka

Mama Chumvi alifungua mlango wa kitalu cha kioo akakuta meza ya kushoto tupu, imefutwa inang'aa, hata alama ya chungu kimoja haipo.

"Miche yangu iko wapi?"

"Ile mizoga?" Mkuu wa maabara alikuwa akiiweka sawa tai yake mbele ya kioo. "Imetupwa shimoni, dada yangu. Wageni wamefika getini. Ulitaka tuwatembeze makaburini?"

"Umeitupa!"

"Si nimekuachia ile mizuri? Hebu itazame ilivyonawiri!"

Kweli, nyanya za meza ya kulia zilikuwa kijani kibichi. Hizo Mama Chumvi alizipandikizia jeni ya kimeng'enya kinachozoa sumu inayochochewa na chumvi ndani ya jani, kabla jani halijaungua. Za kushoto hakuzipa kitu, ila alizinywesha maji yale yale ya chumvi. Huko kunyauka kwa hizo za kushoto ndiko kulikokuwa ushahidi. Na leo ndiyo alikuwa akate majani ya pande zote mbili, apime sumu iliyojikusanya.

"Bosi, bila zile, hizi ni nyanya tu! Hata mama mkwe wangu anazo uani, na hajui jeni ni mdudu gani!"

"Punguza sauti, watakusikia."

"Wanisikie!"

Akatoka mbio mpaka shimo la mboji. Miche ilikuwa imevurugwa pamoja na maganda na takataka, vibao vya namba vimeng'olewa, majani yamekuwa uji. Hakuna cha kupima. Alirudi na matope mpaka viwikoni, akamkuta Bosi anatamba mbele ya wageni.

"Kama mnavyoona wenyewe, jeni imefanya kazi."

"Hawaoni chochote," akasema Mama Chumvi. Vichwa vyote vikageuka. "Mimi naamini imefanya kazi. Kuwathibitishia, leo siwezi. Miche ya kulinganishia imetupwa, eti inatia aibu."

Mgeni mmoja, mama mwenye miwani mikubwa, akamtazama Bosi. "Imetupwa na nani?"

Bosi akaikamata tai yake kama inamnyonga.

Mama Chumvi hakungoja jibu. Alikuwa ameshavuta gunia la udongo, anajaza vyungu.

"Naanza upya, meza zote mbili," akawaambia wageni. "Mkitaka kuona kitu cha kweli, rudini zile za kushoto zikishaanza kufa. Na ufunguo wa humu, kuanzia leo, nakaa nao mimi."