Upande wa Pili wa Kanda ya Tatu

Kila saa kumi, shule ikishafungwa, Mwalimu Chelangat alipanda kigoda na kuzitoa betri juu ya mabati. Zilikuwa nne, zimeanikwa tangu asubuhi kama samaki, na zilikuwa za moto hata akazibeba kwa pindo la leso. Duka la Lokol, lililouza betri hapo Kakuma, lilikuwa limeishiwa tangu kabla ya Krismasi. Kwa hiyo jua liliachiwa kazi ya kuzifufua, na jua liliposhindwa, jirani yake Nabei, mpishi wa shule, alizing'ata moja moja kwa magego.

"Iko nguvu kidogo ndani," Nabei alisema, akitema mate. "Tia."

Kanda ikaanza kuzunguka ndani ya redio ya kaseti, na mwalimu akajilaza mkekani nje ya mlango.

Kanda zilikuwa tatu. Zilirekodiwa na Mureithi, karani wa idara ya maji kule Lodwar, mwenye sahani za muziki wa roki ambazo hakuna mwingine Turkana nzima aliyezitaka. Desemba ile ya 1975 Chelangat alikuwa Lodwar akisubiri lori la kumrudisha Kakuma, boksi la chaki mikononi, akasikia gitaa likilia nyuma ya ua kama linapigwa chini ya maji. Alisimama hapo mpaka mwenye nyumba, Mureithi, akatoka.

"Mwalimu, utasikilizia nje mpaka lini? Ingia."

Aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti, na mpaka anaondoka na kanda mbili za kwanza hakuwa amesema maneno kumi. Kwenye barua, lakini, aliweza kusema. Tangu siku hiyo waliandikiana juu ya walichosikia. Kanda ya kwanza ilikuwa ya magitaa ya ndotoni, yaliyofanya milima ya Pelekech ionekane inapumua. Katika ya pili wimbo mmoja ulijaza upande mzima, ukitoka kwenye kinanda kwenda kwenye filimbi kwenda kwenye ngoma, kama watu wanaohama na mifugo yao. Ya tatu ilitumwa baadaye, kwa lori. Wajerumani, Mureithi aliandika, watu wa kujaribujaribu. Hapo upande wa pili palikuwa na mtu mwenye sauti ya kutoka chini ya kisima, akiimba polepole, na ngoma zikimfuata kwa hatua za ngamia.

"Huyu ng'ombe yake imepotea," Nabei aliamua siku ya kwanza. Kwao Waturkana kila mwanamume alikuwa na ng'ombe dume wake wa kuimbia, na Nabei aliijua sauti ya mtu aliyebaki na wimbo tu.

Chelangat aliandika kurasa sita juu ya wimbo ule. Hakuwahi kumwandikia mtu maneno yaliyokaa karibu hivyo na moyo wake. Jibu lilikuwa fupi: "Mwalimu, wimbo huo siujui. Nakuja Jumamosi na gari la idara. Nataka kuusikia."

Wiki nzima Chelangat aliihofia Jumamosi hiyo. Mureithi ndiye mtu pekee aliyeweza kuongea naye habari hizi. Akimwona mjinga, barua zingekoma.

Jumamosi alifika na vumbi mpaka kwenye nyusi, na zawadi mfukoni: betri nne mpya.

"Ejok," alimsalimia Nabei.

"Ejok. Umekuja kuona mzungu ya ng'ombe?"

Mureithi akatia betri mwenyewe, akabonyeza. Kutoka kwenye kanda kijana wa sauti nyembamba akaja mbio, ngoma zikimkimbiza. Chelangat alisubiri ile sauti ya kisimani, akasubiri, mpaka wimbo ukaisha.

"Sio huu," alinong'ona.

"Ndio huu, Mwalimu. Upande huu hauna mwingine."

Nabei akapiga makofi. "Sasa ameona ng'ombe yake! Anakimbia nayo nyumbani!"

Macho ya Mureithi yakapanda juu ya mabati, kwenye betri zilizoanikwa. Akachukua moja, akaipitishia kidole kwenye alama za meno. Akaelewa, na Chelangat akaona kwamba ameelewa. Majuma yote yale Chelangat alikuwa akisikiliza uchovu wa betri, kanda ikizungushwa polepole mno. Na kurasa sita! Akainamisha uso.

"Nani ameng'ata hizi?"

"Mimi," Nabei alisema. "Na meno bado iko. Unataka nikuonyeshe?"

Mureithi alicheka. Kisha akatoa kwenye mfuko wa shati zile kurasa sita, zimekunjwa mpaka mikunjo imeanza kuchanika.

"Nimezipiga sahani zangu zote nikiutafuta wimbo wako," alisema. "Sasa nirudi Lodwar bila kuusikia?"

Akairudisha kanda mwanzo, akazitoa betri mpya. Chelangat alipanda kigoda, akazishika zile za zamani bila leso. Zilimchoma, hakuziachia mpaka akazitia.

Mtu wa kisimani akaja, taratibu kuliko siku zote. Pelekech ikaanza kupumua. Mureithi alifumba macho, mgongo ukutani. Sauti ikashuka, ikawa mngurumo, ikawa pumzi, na kanda ikasimama katikati ya neno.

Hakuna aliyenyoosha mkono kuzifuata betri mpya.

"Mbele kidogo," Chelangat alisema, kwa kinywa chake, si kwa kalamu, "kuna mahali ngoma zinasimama kumngoja. Nikuambie ilivyo?"

"Niambie."

Akamwambia mpaka mwisho.