Gego la Mwisho

Daktari wa meno alikuwa amechoka, uchovu ule ambao hata ulale siku mbili hauondoki. Kwa miaka miwili, kila alipomaliza wagonjwa wake, aliketi mbele ya kompyuta akafundisha mashine. Picha ya eksirei ikija, jino lililooza analizungushia rangi nyekundu, zima analibonyezea kijani, anaita nyingine. Picha elfu sita, jamani. Mashine ikajifunza kwa picha hizo mpaka ikawa inasoma picha mpya yenyewe, na wauguzi wakaibandika jina la Bingwa. Fundi wa kompyuta alitembea kifua mbele: Bingwa na daktari walikubaliana mara tisini na saba katika mia.

Asubuhi moja akaingia dada mkubwa wa daktari, shavu limemvimba.

"Dada, si nilikuambia uje mapema?"

"Nilikuja mwezi uliopita, ulikuwa likizo. Mwenzako akanipiga picha, Bingwa wenu akasema meno yote mazima. Nikaambiwa labda nasaga meno usingizini. Usingizi wenyewe uko wapi? Wiki tatu nakodolea dari macho."

Daktari akaifungua picha ile. Kijani tupu, mwanzo hadi mwisho. Akaziondoa rangi za Bingwa, akatazama kwa macho yake. Gego la mwisho, chini kushoto, lilikuwa na shimo ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona. Mwezi uliopita lingezibwa. Sasa, kwa uvimbe ule, lilikuwa la kung'olewa.

Akafungua picha ya mgonjwa mwingine, kisha wa tatu, wa nne. Meno ya mbele Bingwa hakukosea hata moja. Akifika gego la mwisho, kijani.

Tabia hiyo daktari aliijua, ilikuwa yake. Siku zote alianza na meno ya mbele akirudi nyuma, na yale ya nyuma yalimkuta hoi, jicho moja liko kwenye saa ya ukutani. Gego la mwisho alilibonyezea kijani bila kulitazama, picha iishe, aende zake nyumbani. Jino moja tu, alijiambia. Ndiyo maana walikubaliana sana, yeye na Bingwa wake: walikosea pamoja.

Akamwita fundi, akamweleza yote bila kuzunguka. Fundi alisimama mlangoni akikuna kichwa.

"Itabidi uchore upya, daktari."

"Zote?"

"Zote. Na waliokwishapimwa itabidi waitwe."

Daktari akaitikia kwa kichwa. Kwa kweli alitamani kulia, lakini hata hilo lilihitaji nguvu. Akavaa glavu, akamchoma dada yake sindano ya ganzi, akakaa kungoja ikolee.

"Hivi huyo Bingwa," dada akasema, ulimi umeshaanza kuwa mzito, "alifundishwa na nani?"

Fundi bado alikuwa mlangoni. Ingekuwa rahisi sana kumnyooshea kidole.

"Na mimi, dada."

Dada akamtazama kitambo, akayaona macho mekundu na mabega yaliyolegea. Hakumgombeza. Akakiegemeza kichwa kwenye kiti.

"Basi leo tazama mpaka nyuma," akasema, akafungua kinywa.