Kibanja Kilichotolewa Mara Mbili

Mwaka 1988, hapa kijijini Nyakatuntu, babu yangu Mzee Ndyamukama alikuwa amenisahau mwaka mzima. Mimi ndiye niliyempikia, kumfulia na kumvua shati alilovaa juu ya shati jingine. Kila asubuhi nilipoingia na uji aliniuliza kwa adabu, "Binti, umetoka wapi?"

Mwanzoni nilimjibu, "Babu, ni mimi Kokugonza, mjukuu wako." Akakasirika, maana nani anapenda kuambiwa kwamba ndani ya nyumba yake kuna watu asiowajua? Baadaye nikawa nasema natoka Kimuli. Hapo anafurahi. "Kimuli mbali. Kaa upumzike." Na uji anakunywa.

Mganga wa zahanati alisema ni ubongo unaougua, kama mguu unavyougua. Hakuna aliyemroga, na dawa hana. Basi nikabaki kuangalia. Nikaona mambo ya jana ndiyo yanayopotea kwanza, ya zamani yanachelewa. Kila jioni alimtafuta ng'ombe aliyekufa wakati wa vita. Jina la bibi lilishapotea. Lakini mgeni akiingia, babu alimwachia kiti, yeye akasimama.

Shida ililetwa na baba mdogo Egbert, karani wa Bukoba. Alikuja likizo, akasema kibanja cha jirani yetu Mama Nyirabageni, shamba lake la migomba, ni chetu, anataka kupanda kahawa. Nyirabageni alikuja kutoka Rwanda mwaka 1962 na watoto watatu. Babu akampa kibanja hicho kwa desturi ya huku: mgeni analeta kibuyu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, anaomba, mwenyeji anakunywa mbele ya watu, halafu anaonyesha mpaka. Karatasi hakuna. Waliokunywa siku ile walikuwa watano. Wanne wameshazikwa. Wa tano ni babu.

Jumatano balozi wetu wa nyumba kumi, Polikarpi, akaja uani kwetu na daftari lake, Nyirabageni akaitwa. Baba mdogo akauliza kwa sauti:

"Baba, huyu mama ulimpa shamba?"

Babu akamtazama Nyirabageni. "Simjui. Sijampa kitu."

"Umesikia, balozi?"

"Mzee anaumwa," akasema Nyirabageni.

"Anaumwa wapi? Anakula, anatembea. Akili zake timamu. Andika, balozi. Timamu."

Balozi akaandika. Anaandika polepole, tukamsubiri. Kisha akasema watamaliza Jumapili baada ya misa, na Nyirabageni alete shahidi aliye hai.

Nyirabageni akanifuata kisimani. "Mwanangu, miaka ishirini na sita. Mtoto wangu mmoja kazikwa mle. Wakinifukuza, nimfukue nimbebe?"

"Mama, nyote mnamtaka akumbuke. Acheni hilo. Wewe Jumapili njoo kama ndiyo unafika leo."

"Nimdanganye mzee?"

"Utamdanganyaje? Umetoka Rwanda, kweli. Shamba wanakunyang'anya, kweli."

Akafikiri. "Na kibuyu nilete?"

"Lete kikubwa."

Jumapili watu walijaa. Nyirabageni akapiga magoti, kibuyu mbele yake. "Mzee, nimetoka Rwanda. Nina watoto. Sina pa kulima."

Babu akainuka, akamwachia kiti. "Poleni na safari. Watoto wamekula?"

"Bado, mzee."

Akaonja rubisi, akatazama migomba huko bondeni. "Mtalima pale. Kuanzia ile milamula mpaka mtoni."

Milamula ni mimea tunayopanda mipakani. Ila mpaka wa mwaka 1962 uliishia kwenye jiwe, na mto uko mbali zaidi ya jiwe. Babu alikuwa ameongeza.

Baba mdogo akaruka. "Balozi, mzee huyu hana akili! Hajui hata leo ni siku gani!"

Balozi akafungua daftari, akatafuta ukurasa. "Jumatano ulisema timamu. Iko hapa."

"Ifute!"

"Nikifuta timamu, na 'sijampa kitu' inafutika. Chagua, bwana karani."

Mtu mmoja nyuma akasema karani amebanwa na daftari, watu wakacheka. Baba mdogo hakuchagua. Nyirabageni akasema mtoni hataki, jiwe linamtosha. Balozi akaandika jiwe.

Kesho yake asubuhi baba mdogo alitakiwa asafiri. Nilimwona anakuja mlangoni na begi mkono mmoja, kibuyu mkono wa pili. Akabisha hodi kwa baba yake, kama mgeni.

"Shikamoo, mzee. Nimetoka Bukoba. Naomba shamba."

"Marahaba. Bukoba mbali." Babu akamwachia kiti, akamtazama sana. "Kijana, baba yako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Sasa unahangaika nini kwa watu? Mwombe yeye. Atakunyimaje?"

Basi la Bukoba lilipiga honi barabarani, likaondoka. Baba mdogo alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti, kibuyu magotini, na babu amesimama anamuuliza huyo baba yake ni mtu wa namna gani.